MJI UNAOAJIRI MENEJA
Madiwani, Meneja na Wafanyakazi katika Miji ya Marekani

Katika vyama vingi vya msingi swali moja huzuka kila msimu wa ununuzi unapoanza: ni nani hasa mwenye amri juu ya karani wa mizani? Mwenyekiti humtuma, mjumbe wa bodi kutoka kijiji cha pili humtuma, na katibu naye humtuma. Jioni ikifika karani hajui ametimiza agizo la nani na ameliacha la nani. Kilo zikipungua, kila mmoja wa wale waliomtuma husema kwamba hakuwapo. Swali hilohilo limeisumbua miji mikubwa ya dunia kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yaliyojaribiwa huko yana mengi yanayofaa kujulikana na makatibu na wanachama wa vyama vyetu.

Mji, kwa kazi zake, haupitani sana na chama cha huduma. Wakazi wanahitaji maji, barabara, zimamoto, uzoaji wa taka, polisi na mahali pa kuzikia wafu wao. Hakuna mkazi awezaye kujitafutia hayo yote peke yake, basi wote huchanga kwa njia ya kodi, huchagua watu wa kuwasemea, na watu hao hutafuta wafanyakazi wa kuifanya kazi. Ugumu uko kati ya hatua ya pili na ya tatu, yaani kati ya aliyechaguliwa na aliyeajiriwa.

Nchini Tanzania sheria imekwisha kuamua. Madiwani huchaguliwa katika kata, nao humchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais. Katika miji kama New York na Chicago wakazi humpigia kura meya wenyewe, naye ndiye mtendaji mkuu anayewateua wakuu wa idara. Uko na mtindo wa tatu, ambao mwanaushirika ataujua mara moja. Wakazi huchagua baraza dogo, na baraza hilo humwajiri meneja wa mji kwa mshahara na mkataba, kama vile bodi ya chama inavyomwajiri meneja wake. Dallas, Phoenix na San Antonio huendeshwa hivyo, pamoja na miji mingi midogo ya Marekani. Makala haya yanahusu mtindo huo wa tatu.

KAZI ILIYOKUWA TUNZO

Katika karne ya 19 kazi za mji nchini Marekani zilikuwa tunzo za uchaguzi. Chama cha siasa kilichoshinda kiliwaondoa polisi, mafundi wa mabomba na wafagiaji wa barabara, kikaweka watu wake. Mfagiaji aliyepata kazi kwa njia hiyo alikuwa na wajibu mmoja usioandikwa popote, nao ni kuleta kura. Ufagio ulikuja baadaye. Mji ulikuwa na madiwani wengi, mara nyingine mabaraza mawili, na kamati zisizohesabika, hata ikawa vigumu kumpata mtu mmoja wa kuulizwa kwa nini bomba limepasuka.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliletwa na msiba. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa bandari wa Galveston, katika jimbo la Texas, na watu wasiopungua 6,000 wakafa. Serikali ya mji haikuweza kuubeba mzigo ule. Mwaka uliofuata mji ulikabidhiwa kwa makamishna watano, kila mmoja akishika fungu lake la kazi: fedha kwa huyu, maji kwa yule, polisi na zimamoto kwa mwingine. Mji ukajengwa upya, ukajengewa na ukuta wa kuzuia bahari, na miji mingi ikauiga mpango huo.

Walakini mpango wa makamishna ulikuwa na kasoro ambayo kila mkaguzi wa vyama ameiona kwa macho yake katika vyama ambavyo wajumbe wa bodi wamegawana kazi za ofisi. Kila kamishna alikuwa mtunga kanuni na mtendaji kwa wakati mmoja. Kamishna wa maji hakukagua hesabu za kamishna wa barabara, kwa kuwa hakutaka zake zikaguliwe. Aidha, mtu aliyechaguliwa kwa sababu anapendwa hakuwa lazima ajue chochote juu ya mashine za kusukuma maji. Galveston yenyewe iliuacha mpango huo mwaka 1960, ikaajiri meneja.

DAYTON NA MENEJA WA KWANZA WA MJI MKUBWA

Wazo la kuajiri meneja lilijaribiwa kwanza katika mji mdogo wa Staunton, jimbo la Virginia, mwaka 1908. Baraza la mji lilimwajiri mhandisi, Bwana Charles Ashburner, kusimamia kazi zote za utendaji. Wengi walilichukua kuwa jambo la mji mdogo tu.

Dayton, katika jimbo la Ohio, haukuwa mji mdogo. Ulikuwa na wakazi zaidi ya 116,000 na viwanda vingi. Mwezi Machi 1913 mto uliuvunjia kingo zake na maji yakaifunika sehemu ya katikati ya mji. Watu zaidi ya 300 walipoteza maisha katika bonde lile. Bwana John Patterson, mwenye kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za madukani, aliwaamuru mafundi wake waache mashine na kuunda mashua. Zikaundwa karibu 300, na kwa mashua hizo watu wengi wakaokolewa juu ya mapaa. Wakazi waliona kiwanda kikifanya kwa siku mbili kazi ambayo mji wao haukuiweza. Mwezi Agosti mwaka huohuo walipiga kura kuikubali katiba mpya ya mji, ambayo kwa lugha yetu tungeiita masharti, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1914.

Katiba ile iliweka makamishna watano tu. Hao hawakupewa idara za kuendesha. Kazi yao ilikuwa kutunga kanuni, kupitisha makisio ya mapato na matumizi, na kumwajiri meneja. Kwanza walimwomba Kanali George Goethals, msimamizi wa ujenzi wa Mfereji wa Panama, naye akakataa. Ndipo wakamchukua Bwana Henry Waite, aliyekuwa mhandisi wa mji wa Cincinnati. Yafaa kutazamwa kwamba Bwana Waite hakuwa mwenyeji wa Dayton. Hakuwa na shemeji katika idara ya barabara wala deni la fadhila kwa diwani yeyote. Baadhi ya vyama vyetu hukataa kumfikiria mwombaji aliyetoka wilaya nyingine, kisha vikashangaa meneja wao anaposhindwa kumwajibisha mpwa wake.

MGAWANYO WA KAZI

Katika Dayton kazi za mji ziligawanywa katika idara tano: sheria, huduma za mji kama barabara na maji, ustawi wa jamii, usalama, na fedha. Meneja ndiye aliyewateua wakuu wa idara na ndiye aliyeweza kuwaondoa. Kadhalika ndiye aliyeandaa makisio ya kila mwaka na kuyapeleka mezani, lakini hakuwa na kura. Baraza lingeweza kuyapunguza, kuyaongeza au kuyarudisha. Likiisha kupitisha, meneja hutekeleza hata kama moyoni hakubaliani.

Kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili ni kile ambacho, tangu mwaka 1915, kimeingizwa katika katiba ya mfano iliyoigwa na miji mingi. Kinamkataza diwani kumpa amri mfanyakazi yeyote aliye chini ya meneja. Diwani aweza kuuliza habari, aweza kuchunguza, aweza kulalamika. Amri hupitia kwa meneja peke yake. Kama shimo la barabarani liko mbele ya nyumba ya diwani, diwani humwambia meneja, na meneja huamua kama shimo hilo litangulie au lile lililo mbele ya hospitali. Kwa kifungu hicho fundi wa barabara hupata bwana mmoja, na wakazi hupata mtu mmoja wa kuulizwa.

Yupo atakayesema kwamba kumpa mtu mmoja mamlaka makubwa namna hii ni hatari. Ni kweli, na ndiyo sababu meneja hupewa kamba fupi. Katika mpango wa asili meneja hana kipindi cha uhakika cha kukaa kazini kama diwani alivyo nacho. Baraza laweza kumwondoa siku yoyote kwa kura za wengi wao, ingawa mikataba ya siku hizi huweka kiinua mgongo kwa anayeondolewa bila kosa. Aidha, miji mingi huwaweka baadhi ya maofisa nje ya mkono wake. Katika Dallas baraza humwajiri meneja, lakini pia humwajiri lenyewe mwanasheria wa mji, katibu wa mji na mkaguzi wa hesabu. Mkaguzi hasaini barua inayoanza kwa kumwomba meneja ruhusa.

Wafanyakazi wa ngazi za chini nao wana utaratibu wao. Nafasi ikiwa wazi hutangazwa, waombaji hufanya mtihani au husailiwa, majina hupangwa kwa alama, na mkuu wa idara huchagua miongoni mwa walioongoza. Anayeajiriwa hukaa kwanza katika muda wa majaribio. Akiisha kuthibitishwa hafukuzwi kwa sababu ya chama chake cha siasa, na akifukuzwa anayo tume au bodi ya kusikiliza rufani yake. Utaratibu huu ni wa polepole na wakati mwingine huchosha. Mkuu wa idara anayetaka kumwondoa mvivu hujaza karatasi nyingi. Lakini mfagiaji wa leo katika miji hiyo hakuletwa na uchaguzi, wala uchaguzi haumwondoi.

MENEJA ALIYETUMWA NA MTU MWINGINE

Mpango mzuri ulioandikwa vizuri haukuusaidia mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Mji huo uliingia katika utaratibu wa meneja mwaka 1926. Baraza lilikuwa na watu tisa pamoja na meya. Katika uchaguzi wa kwanza watano kati ya hao walikuwa wafuasi wa Bwana Tom Pendergast, mtu ambaye hakuwamo barazani lakini siasa za mji zilikuwa mfukoni mwake. Watano kwa wanne ni wengi wa kutosha. Wakamwajiri Bwana Henry McElroy kuwa meneja, naye akakaa kazini miaka 13.

Kwa nje katiba ilionekana kufuatwa. Baraza lilimwajiri meneja, na meneja aliwateua wakuu wa idara. Amri zilitoka kwa Pendergast. Fedha nyingi zilizokopwa kwa ajili ya ujenzi wa mji zilinunua zege katika kampuni yake mwenyewe. Katika orodha za mishahara walikuwamo watu waliolipwa bila kufanya kazi. Bwana McElroy alijisifu kwamba alitunza hesabu kwa njia ya kishamba aliyoizoea, nyepesi kueleweka na kila mtu, na kwa hesabu hizo mji ulionekana kuwa hauna deni la kutisha. Alipojiuzulu mwezi Aprili 1939, na daftari zikafunguliwa na watu wengine, pengo la mamilioni ya dola lilionekana. Mwezi uliofuata Pendergast alikiri mahakamani kosa la kukwepa kodi ya mapato, akafungwa.

Hapa msomaji asipite haraka. Hesabu inayoelezwa kuwa nyepesi, na inayoelezwa na yuleyule anayezitumia fedha, ndiyo inayostahili kukaguliwa kuliko nyingine zote. Mara nyingi katika mkutano mkuu wa chama taarifa ya fedha husomwa kwa dakika tano, kwa tarakimu tatu kubwa, na wanachama hupiga makofi kwa sababu wameielewa. Waulize tarakimu hizo tatu zimejumlishwa kutoka wapi.

Mwaka 1940 wakazi wa Kansas City walilibadilisha baraza. Wanawake walishika sehemu kubwa ya kampeni ile, na alama yao ilikuwa ufagio. Baraza jipya halikuifuta kazi ya meneja. Lilimwajiri Bwana L. P. Cookingham, aliyekuwa meneja wa mji wa Saginaw katika jimbo la Michigan, naye akaendelea hadi 1959. Katiba ilikuwa ileile, na kiti kilikuwa kilekile.

WATU WASIOFIKA MIA NNE

Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi. Bell ni mji mdogo katika wilaya ya Los Angeles, California, uliokuwa na wakazi wapatao 36,000 wakati wa mambo haya, wengi wao watu wa kipato cha chini. Mwaka 1993 baraza lilimwajiri Bwana Robert Rizzo kuwa meneja, kwa mshahara wa dola 72,000 kwa mwaka. Hapakuwa na lolote la ajabu katika hilo.

Mwaka 2005 sheria ya jimbo iliweka kikomo cha posho za madiwani katika miji iliyo chini ya sheria ya jumla. Baraza la Bell likaitisha uchaguzi maalumu, wenye swali moja tu: je, mji uwe na katiba yake wenyewe? Mji wenye katiba yake haukubanwa na kikomo kile. Katika mji wote waliofika kupiga kura hawakufika 400, na wengi wao walisema ndiyo. Waliobaki nyumbani hawakuwa wajinga. Jambo lilielezwa kuwa la kiutaratibu tu, na siku ile watu walikuwa na kazi zao. Kila katibu aliyewahi kuahirisha mkutano mkuu kwa kukosa akidi, au aliyewahi kuuendesha kwa akidi ya kuazima, anajua jambo hili linavyotokea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kimyakimya. Mkataba wa meneja ulikuwa na nyongeza ya asilimia 12 kila mwaka, isiyohitaji kurudishwa barazani. Kufikia mwaka 2010 mshahara wake ulikuwa umekaribia dola 800,000, karibu mara mbili ya mshahara wa Rais wa Marekani, na pamoja na marupurupu jumla ilipita hapo kwa mbali. Madiwani, ambao kazi yao ilikuwa ya muda tu, wengi wao walipokea karibu dola 100,000 kwa mwaka. Posho hizo zilipitishwa kwa kuwaweka katika bodi ndogondogo za mji ambazo vikao vyake vilimalizika kwa dakika chache au havikuitishwa kabisa. Fedha za mji zilikopeshwa kwa meneja mwenyewe na kwa wafanyakazi aliowataka. Meneja aliwalipa vizuri waliopaswa kumsimamia, na waliopaswa kumsimamia hawakumuuliza. Wakaguzi wa nje walizikagua hesabu mwaka hata mwaka wakaziidhinisha.

Mkazi mmoja aliuliza. Mwaka 2008 aliomba kwa maandishi, kama sheria ya California inavyomruhusu mtu yeyote, aonyeshwe mishahara ya meneja na madiwani. Akapewa karatasi yenye tarakimu za uongo, ndogo kuliko zile za kweli. Karatasi hiyo baadaye ilikuwa ushahidi mahakamani.

Mwezi Julai 2010 waandishi wa gazeti la Los Angeles Times, waliokuwa wakifuatilia mambo ya mji jirani, waliomba mikataba yenyewe wakaipata. Habari ilipotoka, wakazi walijaa katika ukumbi wa baraza hata wengine wakabaki nje. Meneja alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Mwezi Machi 2011 wakazi walilibadilisha baraza lote. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani kwa baadhi ya mashtaka madiwani watano kati ya sita walioshtakiwa, na mwaka 2014 Bwana Rizzo, ambaye hakuyapinga mashtaka 69 yaliyomkabili, alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Tofauti kati ya Dayton na Bell haikuwa katika cheo cha meneja, kwa maana kilikuwa kimoja. Ilikuwa katika karatasi tatu na mahali zilipowekwa. Ya kwanza ni mkataba wa meneja, pamoja na nyongeza na mikopo yake. Ya pili ni orodha ya mishahara na posho, yenye majina. Ya tatu ni taarifa ya mkaguzi, pamoja na barua yake ya kasoro, ambayo kwa desturi mbaya hubaki katika kabati la ofisi wakati taarifa yenyewe inasomwa mkutanoni. Chama kinaweza kuziweka karatasi hizo mezani siku ya mkutano mkuu bila gharama yoyote isipokuwa ya kuzinakili. Katibu anayeombwa kuzionyesha, akajibu kwamba ni siri ya ofisi, na aulizwe ni ofisi ya nani.

Kabla mwaka 2010 haujaisha, Mdhibiti wa Hesabu wa jimbo la California aliagiza miji na wilaya zote za jimbo zimpelekee mishahara ya viongozi na wafanyakazi wake, kisha akaitangaza hadharani, mji kwa mji na cheo kwa cheo. Inaendelea kutangazwa kila mwaka.